Kailo: Kuuza DT ya zamani ao kubakia nayo?

Katika teritware ya Kailo, jimboni Maniema, kuna pikipiki ambazo hazitembei tena kila siku, lakini kila mtu wa kijiji anajua ni za nani. Ni Yamaha DT 125 yenye tangi iliyopauka kwa jua, kiti kilichoshonwa upya na fundi wa viatu, na garde-boue ya mbele iliyofungwa kwa waya. Imesimama chini ya baraza, imefunikwa na turubai. Watoto wanakatazwa kuipanda. Mwenyewe anaiwasha asubuhi moja moja, anasikiliza, kisha anaizima. Na kila Septemba, minervali inapoanza kudaiwa, swali linarudi nyumbani: tuiuze ao tubakie nayo?

Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la mapenzi zaidi kuliko la pesa. Sasa limekuwa gumu. Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika Goma na uwanja wake wa ndege kufungwa, kisha Bukavu nayo mwezi wa pili, Kindu ilipoteza njia mbili kubwa ambazo bidhaa za dukani zilikuwa zikipitia. Piesi ya pikipiki ni kati ya vitu vinavyosikia pigo hilo mapema. Mwenye TVS ao Boxer anapata ya kubadilisha, hata kama ni kwa bei inayouma. Mwenye DT anaambiwa asubiri.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini mtu anaweza kupenda chuma kiasi hicho. Mahali pengine duniani swali hili linaulizwa juu ya gari la spoti la zamani, lile la milango miwili, la chini, lenye injini inayonguruma. Gari kama hilo lisingefika mbali Kindu wakati wa mvua. Lingelala katika shimo la kwanza. Kwa watu wa Maniema, kilichochukua nafasi hiyo moyoni ni DT. Ni pikipiki ya spoti kwa kuzaliwa. Yamaha ilianza ukoo huo mwaka 1968 na DT-1 ya sentimita 250, iliyotengenezwa kwa watu waliotaka kutoka kwenye lami na kukimbia porini, na DT 125 ikafuata katika miaka ya 1970. Mashindano ya Paris-Dakar yalipofanyika kwa mara ya kwanza, Mfaransa Cyril Neveu alishinda mwaka 1979 akiwa juu ya Yamaha, XT 500. Hiyo ni ya ukoo mwingine wa injini, lakini vijana wa wakati ule hawakutofautisha sana: Yamaha ya njia mbaya ilikuwa Yamaha ya njia mbaya.

Siri yake inaonekana kwa macho. Gurudumu la mbele ni la inchi 21, wakati pikipiki za taksi zinazojaa leo zina inchi 17 ao 18. Gurudumu kubwa linapanda juu ya mti ulioanguka, linavuka nafasi kati ya magogo mawili ya daraja bila kuzama katikati. Tumbo la injini liko juu, mbali na mawe. Amortisa ni ndefu. Na injini yenyewe, ya mapigo mawili, haina valvu wala mnyororo wa ndani wa kuzigeuza. Fundi mwenye funguo chache anaweza kufungua kichwa chake chini ya mwembe na kukifunga kabla jua halijazama. Ukifungua gesi kwenye mlima wa udongo mwekundu, haichelewi kujibu. Aliyewahi kuiendesha anajua mlio huo, mkali kama wa nyuki wengi, na anautambua kabla pikipiki haijatokea kwenye kona.

Namna zilivyofika Maniema ni historia ya jimbo lenyewe. Kailo ni nchi ya kasiterite na wolframite. Mwaka 1976 kampuni za zamani za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI, na kwa muda kidogo kulikuwa na mshahara, garaji, na barabara zilizofyekwa kandokando. Kisha, Oktoba 1985, soko la bati la dunia likaanguka. Kampuni ilidhoofika mwaka kwa mwaka mpaka ikatoweka, na mwaka 1997 SAKIMA ikachukua nafasi yake katikati ya vita. Vita vya 1998 hadi 2003 vilifunga njia karibu zote. Bidhaa zilisukumwa juu ya kinga kwa majuma, na Kindu ikabaki kama kisiwa. Utulivu uliporudi, yalikuja mashirika ya misaada, kampeni za chanjo, wasimamizi wa zoni za afya. Wote walihitaji kitu cha kufika mahali ambapo jeep haifiki. DT na dada yake mtulivu, AG 100, ndizo zilizobeba masanduku ya chanjo na barafu. Mradi ulipoisha, pikipiki ilibaki: ilipewa mfanyakazi, ao iliuzwa, ao ilisahauliwa mpaka mtu akaichukua na kuitunza.

Ndiyo maana kwa familia nyingi DT inabeba mambo ambayo mnunuzi haoni. Ndiyo iliyompeleka mama kuzaa usiku. Ndiyo iliyovushwa Lualaba ndani ya mtumbwi, kutoka Alunguli hadi upande wa Kasuku, huku watu wawili wakiishika isianguke majini, kwa sababu Kindu haina daraja juu ya mto huo. Mtu hawezi kuandika hayo kwenye karatasi ya mauzo.

Lakini ukweli wa leo una sura yake. Pikipiki za Kihindi na za Kichina zimeshinda mchezo wa kila siku, na hazikushinda kwa bahati. Injini ya mapigo manne ya sentimita 100 ao 125 inakula karibu nusu ya esansi ambayo DT inakula kwa njia ileile. Mahali ambapo esansi inanunuliwa kwa chupa kwa wale wanaoitwa Kadafi, tofauti hiyo ndiyo faida yote ya motari. Juu ya esansi, DT inataka oili ya mapigo mawili, inayoungua pamoja na mafuta na haitumiki tena. Kiwandani iliwekewa pampu ndogo na tangi lake la oili. Kwenye DT nyingi za zamani pampu hiyo imekufa, na mwenyewe anachanganya oili ndani ya esansi kwa kipimo cha macho. Ikiwa kidogo mno, pistoni inakwama ndani ya silinda na safari inaishia porini. Ikiwa nyingi mno, masizi yanaziba eshapoma na nguvu inapotea kidogokidogo, mpaka mwenyewe anadhani injini imezeeka kumbe inahitaji kuchomwa na kusafishwa tu. Kuna DT zilizouzwa kwa bei ya chakavu kwa sababu ya eshapoma iliyoziba.

Hapo ndipo fundi wa kweli anapohitajika kabla ya mnunuzi. Mwenye DT anayetaka kuamua vizuri aanze na swali moja: silinda imefanyiwa alezaji mara ngapi? Ikitoka kiwandani, silinda ya DT 125 ina upana wa milimita 56. Ikichakaa inapanuliwa robo milimita na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Kisha nusu, kisha robo tatu, kisha milimita nzima. Ikifika milimita 57, mlango umefungwa: silinda inahitaji shati jipya ao itafutwe nyingine. Kwa hiyo DT mbili zinazofanana kabisa chini ya baraza zinaweza kuwa na maisha tofauti. Moja imepanuliwa mara moja na ina miaka mbele yake. Nyingine iko kwenye pistoni ya mwisho. Namba hiyo mara nyingi imegongwa juu ya kichwa cha pistoni, na kuisoma kunahitaji tu kufungua kichwa cha injini. Ajabu ni kwamba wengi wanabishana juu ya bei mchana kutwa bila kufungua.

Kinachofuata ni vilebrekeni na rulemani zake, zile zinazozungusha nguvu ya injini. Zikianza kulia, hakuna dawa ya Kailo. Kazi hiyo inataka presi na mkono wa fundi aliyeizoea, na piesi zenyewe zinatoka mbali: kwa treni kutoka Lubumbashi inapotembea, ao kwa mto kutoka Kisangani, ambako mzigo unapanda reli ya kilomita 125 hadi Ubundu ili kukwepa maporomoko, kisha unapakiwa tena kwenye mashua kuja Kindu. Rulemani ndogo inayoingia mfukoni inaweza kuchukua muda mrefu kuliko mtu anayesafiri kwa miguu. Na ikifika, isiwe ya bandia, maana boksi lenye jina la Yamaha siyo ushahidi wa kilicho ndani.

Baada ya injini inakuja bei, na hapa wenye DT wengi wanajidanganya. Wanasikia kwamba vitu vya zamani vinapanda thamani. Ni kweli, lakini si kila mahali. Mfano mzuri uko Nairobi. Datsun 240Z, gari la spoti la Kijapani, ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alifikisha ushindi mara tano. Miaka iliyofuata magari hayo yalionekana ya kizamani tu, na mengi yaliishia kutolewa vipande. Halafu mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, na aina ileile iliyodharauliwa ikaanza kutafutwa. Mwanzoni mwa 2020, kule Marekani, 240Z moja ya mwaka 1971 iliyotunzwa katika hali yake ya asili ilinunuliwa kwenye mnada kwa dola 310,000.

Aliyekuwa na gari hilo Nairobi mwaka 1990 na akaliuza ili kulipa karo, je, alikosea? Kuhesabu hivyo ni rahisi leo. Siku ile, karo ilikuwa ya siku ile. Tena, thamani ya 240Z haikupanda kwa uzee wake. Ilipanda kwa sababu kulikuwa na watu wenye pesa, mafundi, mashindano, barabara na mnada. Kindu haina hata kimoja cha hivyo kwa ajili ya DT. Hakuna anayekuja Kailo kutafuta pikipiki ya mwaka fulani ili aiweke sebuleni. Mnunuzi wa hapa ni mtu wa kazi: mfanyabiashara anayeingia kwenye machimbo, muuguzi wa kituo cha mbali, ao fundi anayetaka kuikata piesi kwa piesi. Kila mmoja analipa kwa kile ambacho pikipiki itafanya kesho. Anayesubiri uzee uongeze bei, anasubiri treni isiyokuwa kwenye ratiba.

Na pikipiki iliyosimama haibaki ilivyo. Esansi iliyolala ndani ya karbirateri inaacha utomvu unaoziba matundu madogo. Unyevu wa msitu unaingia kwenye silinda na kuotesha kutu juu ya ukuta ambao pistoni inapitia. Mpira wa mihuri unakauka na kupasuka. Panya wanapenda nyaya na kiti. Misimu miwili ya mvua chini ya baraza inaweza kuharibu zaidi kuliko safari nyingi za Punia. Mwenye kuamua kubakia nayo, basi abakie nayo kama mtu anayefuga: aitembeze kila juma, aimwage esansi ikiwa itasimama muda, atie oili kidogo kwenye silinda kupitia tundu la buji. Kuiacha tu hakuhifadhi kitu, hata kama turubai ni jipya.

Jambo lingine ambalo wengi wanalikumbuka mnunuzi akiwa tayari na pesa mkononi ni karatasi. DT nyingi za Maniema zilitoka kwenye mashirika, na karti roz, kama ipo, ina jina la shirika lililoondoka zamani. Zingine ziliingia nchini bila kulipiwa ushuru kwa sababu zilikuwa za msaada. Msamaha huo ulikuwa wa shirika, haukuwa wa mtu binafsi, na anayenunua anaweza kudaiwa siku atakapotaka kuziandikisha kwa jina lake. Karatasi ya kugawiwa pikipiki mwisho wa mradi, yenye mhuri na sahihi, ina thamani kubwa kuliko rangi mpya ya tangi. Isipokuwepo, mnunuzi mwenye akili atapunguza bei, na mnunuzi asiye na akili atarudi baadaye na polisi. Hati ya mauzo iliyoandikwa mbele ya mashahidi, yenye namba ya shasi iliyosomwa kwenye chuma chenyewe, inawalinda wote wawili. Namba hiyo isinakiliwe kutoka kwenye karatasi ya zamani, maana makosa ya kalamu yanarithiwa.

Tukisema kurithi, tumegusa mahali penye maumivu zaidi. DT nyingi zinazobishaniwa leo ziliachwa na baba aliyefariki. Mara nyingi baba mdogo ao shangazi anakuja matanga yakiisha, anaichukua pikipiki kwa maneno kwamba ni mali ya ukoo, na miezi michache baadaye inaonekana Kindu ikiendeshwa na mgeni. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kodi ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Watoto hao wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ndiyo ya kundi la pili, ambamo mna mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo baba mdogo hana ruhusa ya kuiuza peke yake, hata kama yeye ndiye aliyemfundisha marehemu kuiendesha. Mtoto wa kwanza vilevile hawezi kuiuza kimyakimya huku wadogo zake wakiwa shuleni Kindu, ingawa hilo linatokea zaidi ya lile na halisemwi sana.

Tuchukue familia ya namna hiyo: mjane, watoto wanne, DT moja iliyo kwenye alezaji ya pili, haina karti roz lakini ina karatasi ya shirika. Mtoto mkubwa anataka ibakie, afanye nayo taksi. Mama anataka iuzwe. Kwa taksi ya mjini, mama ana haki: DT itakula esansi na oili, na atakayeshindana nayo kwa abiria mmojammoja ni kijana mwenye Boxer anayetumia nusu yake. Lakini kama mtoto huyo ana kazi kwenye njia za ndani, kule ambako pikipiki ndogo inabebwa mabegani kuvuka tope na nauli ya mzigo ni kubwa, hesabu inageuka. Huko DT haishindani na mtu. Swali la kumuuliza kijana ni njia gani ataipita, kwa mzigo wa nani, mara ngapi kwa mwezi. Akijibu kwa majina ya vijiji na ya bidhaa, asikilizwe. Akijibu kwamba ni ukumbusho wa baba, naye asikilizwe, lakini familia ijue kwamba inalipia ukumbusho, na iseme wazi ni nani atakayelipa.

Ikiwa jibu ni kuuza, kitu cha kuamua kabla ya mnunuzi kufika ni mahali pesa itakapokwenda. Pesa ya pikipiki ni pesa ya mara moja na ukoo mzima unajua imeingia. Ikilala nyumbani juma moja bila kazi, inakutana na mgonjwa, deni la zamani, sherehe ya jirani. Wanaojuta kuuza, wengi wao hawajutii bei. Wanajuta kwa sababu baada ya miezi mitatu hakukuwa na DT wala kitu kingine kinachoonekana. Aliyegeuza pesa kuwa mbuzi, mabati, ao minervali iliyolipwa ya mwaka mzima na risiti mkononi, haulizwi sana na watoto wake.

Pia kuna mkataba ambao unaonekana mzuri na ambao watu wa Kailo wanaujua vizuri: kulipwa kwa vipande. Mchimbaji anakuja, anatoa nusu, anasema nyingine itatoka shimo likitoa. Shimo likitoa, analipa. Shimo lisipotoa, DT iko msituni, imebeba magunia kupita uwezo wake, na mwenyewe hana pikipiki wala pesa. Anayekubali mkataba huo abaki na karatasi zote mpaka franga ya mwisho, na aandike tarehe. Kukubaliana kwa mdomo na mtu anayehamahama kati ya machimbo ni sawa na kumpa zawadi.

Mwezi wa kuuza nao una maana. Kati ya Juni na Agosti njia zimekauka, kila pikipiki inafika, na DT haina sababu ya kulipwa zaidi. Mvua zikirudi Septemba, wafanyabiashara waliokwama mara ya kwanza kwenye tope wanaanza kuuliza nani ana DT nzima. Ni mwezi uleule ambao shule zinafunguliwa na mwenye kuuza ana haraka. Mnunuzi anajua hayo yote mawili. Ndiyo maana asubuhi ya mauzo mwenye DT hufanya vizuri akikataa kuionyesha chini ya mwembe. Wapande wote wawili, mnunuzi mbele, waende mpaka kwenye mlima ulioloa ulio karibu, na bei isizungumzwe mpaka wafike juu.